Riwaya nne na sufuria moja ya nyama

Katika To the Lighthouse, riwaya ya Virginia Woolf iliyotoka mwaka 1927, kuna chakula cha jioni ambacho msomaji hukikumbuka hata akiwa amesahau mengine yote. Mpishi, Mildred, ameshughulika siku tatu na kitu kimoja tu: boeuf en daube, yaani nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu kwenye divai, ikatiwa na zeituni. Mwenye nyumba, Bi. Ramsay, roho iko juu. Vijana waliokwenda ufukweni hawajarudi, na yeye ana hakika kwamba nyama hii ikishaiva inatakiwa mezani dakika hiyo hiyo. Kuisubirisha ni kuiharibu. Aliyewahi kupika nyama ya aina hiyo lazima hapo aweke kitabu chini kidogo. Kama kuna chakula kinachosubiri wageni bila kununa, ni hicho.

Ni rahisi kusema Woolf hakulijua jiko, hasa ukiisoma riwaya yake sambamba na L'Assommoir ya Émile Zola, iliyotoka kama kitabu mwaka 1877, miaka 50 kabla. Humo Gervaise, dobi wa Paris, anaandaa karamu ya sikukuu ya somo wake, yaani mtakatifu mwenye jina lake. Wanawake wanaanza kupika tangu jioni ya kuamkia siku yenyewe. Supu ya nyama na mchuzi mweupe wa ndama vinatangulia, kwa sababu vitu hivyo vikipashwa moto ndipo vinaponoga. Zola alikuwa na kawaida ya kukusanya madaftari ya maelezo kabla hajaandika riwaya, na hapo inaonekana. Jiko lake halina kasoro.

Ukiniuliza ukurasa upi ni bora, nitachagua ule wenye kosa. Anayeamini kwamba nyama haiwezi kusubiri ni Bi. Ramsay, na Woolf anatusimulia kutoka ndani ya kichwa chake. Huyu si mpishi. Pishi ni la bibi yake aliyekuwa Mfaransa, na mkono ni wa Mildred. Anachoogopa kisiharibike si nyama. Mezani kuna mume aliyekasirika kwa sababu mzee Carmichael ameomba supu mara ya pili, kuna Tansley anayetafuta nafasi ya kujigamba, kuna Lily Briscoe ambaye akili yake iko kwenye mchoro alioacha haujakamilika, na kuna Paul na Minta waliochelewa. Kuwaleta watu wote hao kwenye hali moja, kwa saa moja, ndilo pishi lake, na pishi hilo kweli halipashwi moto. Sehemu ya pili ya kitabu inaruka miaka kumi, na kifo cha Bi. Ramsay kinatajwa ndani ya mabano ya mraba, kama jambo la pembeni. Ukirudi baada ya hapo kwenye ule wasiwasi wa sahani kuchelewa, hutacheka tena.

Lawama yangu kwa Woolf iko kwingine. Siku tatu za kazi ni za Mildred, lakini mgeni Bankes akishaonja, anamsifu Bi. Ramsay na kumuuliza anawezaje mambo hayo huko mashambani. Kisha wawili hao wanaanza kuwasema wapishi wa Kiingereza: kabichi ya kuchemsha kwenye maji, nyama iliyochomwa hadi ikawa ngozi, maganda matamu ya mboga yanayotupwa. Maneno ya kweli, ila aliyebanwa na joto la jiko hayupo kwenye mazungumzo. Zola asingekubali hilo. Kwake jasho linaonekana.

Tuje kwenye nyama yenyewe. Kwa watu sita chukua kilo 1.5 ya nyama ya muundi au shingo, ukate vipande vya sentimita 5. Usishawishike kununua steki kwa kuwa inaonekana safi. Sehemu za ng'ombe zinazofanya kazi nyingi ndizo zenye kolajeni, ule utando mweupe unaokataa kisu. Ukikaa kwenye joto la nyuzi 80 hadi 90 kwa saa kadhaa, utando huo unayeyuka na kuwa jelatini, ndiyo inayofanya mchuzi mzuri ushike midomo. Steki haina kolajeni ya kutosha, kwa hiyo saa tatu za moto zinakuachia nyuzi kavu zinazoelea.

Nyunyizia gramu 15 za chumvi, karibu vijiko vidogo viwili na nusu, na ikiwezekana iache nyama kwenye friji usiku kucha. Kabla ya kukaanga, ikaushe kwa kitambaa. Kaanga kwa mafungu, vipande visigusane. Hapa ndipo pishi hili linapoharibika mara nyingi. Sufuria ikijaa, nyama inatoa maji haraka kuliko yanavyokauka, joto linakwama kwenye nyuzi 100, na vipande vinachemka hadi vinakuwa vya kijivu. Rangi ya kahawia, pamoja na ladha yake, inataka joto la nyuzi 140 na zaidi. Sikiliza: nyama inayokaangika inachachatika, inayochemka inatokota. Sauti ikibadilika, toa nusu ya vipande papo hapo. Pande mbili zikipata rangi zinatosha. Anayetaka zote sita ataikausha nyama bure.

Ndani ya mafuta yale yale tia vitunguu viwili, karoti tatu na punje nne za kitunguu saumu, kisha nyanya mbili, huku ukikwangua gundi ya kahawia iliyoshika chini. Mimina nusu lita ya divai nyekundu. Asiyetumia divai aweke nusu lita ya supu ya mifupa na vijiko viwili vikubwa vya siki, kwa sababu kinachotakiwa hapa ni uchachu wa kukata mafuta. Ongeza karafuu mbili na kipande cha ganda la chungwa chenye urefu wa kidole, bila ile nyama nyeupe ya ndani, maana inatia uchungu. Mchuzi ufike theluthi mbili tu ya kimo cha nyama. Ukiufunika kabisa, utaishia na supu, kwa kuwa nyama nayo itatoa maji yake.

Funika, weka kwenye oveni ya nyuzi 150 au juu ya moto mdogo kuliko unaodhani unafaa, kwa saa tatu hadi tatu na nusu. Mchuzi utoe kiputo kimoja hapa, kingine pale. Ukichemka kwa fujo, nyuzi za nyama zinajikunja na kukamua maji yake, na hakuna mchuzi utakaoyarudisha. Ipime kwa uma: uingie na uzunguke bila kupigana. Baada ya saa mbili nyama mara nyingi bado ni ngumu, na wengi hukata tamaa hapo wakamlaumu mwenye bucha. Haijaharibika, haijafika tu. Zeituni, gramu 100 zilizosuuzwa, ziingie nusu saa ya mwisho. Zikitangulia, zinamwaga chumvi yake yote kwenye mchuzi, na kuipunguza ni kazi.

Kisha fanya alichokataza Bi. Ramsay: isubirishe. Ihamishie kwenye bakuli pana lisilo na kina ili ipoe haraka, na ndani ya saa mbili iwe kwenye friji. Usiiache jikoni hadi asubuhi, kwa kuwa kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu vinazaliana kwa raha zao. Usiku huo mchuzi unaganda, ladha zinaingiana, uchachu unatulia, na mafuta yanapanda juu na kuwa bamba gumu unaloliondoa kwa kijiko. Tutairudia kesho.

Kuhusu Zola sina mengi, ingawa ndiye aliyenishika zaidi. L'Assommoir ina sura 13, na karamu ya bata bukini iko sura ya 7, katikati kabisa. Sidhani kama ni bahati. Mpaka hapo Gervaise anapanda. Kuanzia hapo anateremka. Fedha za karamu zinatafutwa kwa kuweka nguo rehani, wageni wanakula hadi wanafungua vifungo, mlango wa duka unaachwa wazi ili mtaa mzima uone, na wewe msomaji unajua deni litakaa muda mrefu kuliko shibe. Ni mojawapo ya sura bora za ulaji zilizowahi kuandikwa. Udhaifu ni kwamba baada yake Zola haachi nafasi hata ya pumzi. Sura za mwisho zinarundika mkosi juu ya mkosi hadi msomaji anaanza kuona mkono wa mwandishi ukisukuma. Na bata bukini, kwa anayempata: wa kilo 5 anatoa mafuta ya kujaza bakuli. Mtoboe ngozi kwa mshazari, ncha ya kisu isifike kwenye nyama, mlaze juu ya wavu kwenye oveni ya nyuzi 180, na kila nusu saa toa mafuta chini yake. Usipoyatoa, chini ataiva kama kitu cha kukaanga na juu kama kitu cha kuoka. Mafuta yenyewe usiyatupe, viazi havijawahi kupata rafiki mzuri kuliko hayo.

Herman Melville ni jambo jingine. Moby-Dick, ya mwaka 1851, ina sifa ya kuwa nzito, na wanaoisifia hivyo wengi hawajafika sura ya 15. Ishmael na Queequeg wanafika kwenye nyumba ya wageni kisiwani Nantucket, wana njaa, na Bi. Hussey anawauliza jambo moja tu: chaza au chewa? Ishmael anadhani watagawana chaza mmoja baridi kwa chakula cha usiku. Kinakuja kibakuli kinachofuka moshi, na Melville anakitaja chote kilichomo: chaza wadogo wenye maji, biskuti za melini zilizopondwa, nyama ya nguruwe ya chumvi iliyokatwa vipande vyembamba, siagi, pilipili na chumvi. Nyumba hiyo inapika samaki asubuhi, mchana na jioni, mpaka maziwa yana ladha ya samaki. Ishmael anashangaa, hadi anapomwona ng'ombe wa mwenye nyumba akila mabaki ya samaki ufukweni. Huo ni utani wa mtu aliyekaa baharini na akala alichokuta.

Wanaoacha kitabu hiki huachia sura ya 32, Ishmael anapopanga aina za nyangumi kama vitabu, kwa ukubwa wa karatasi, huku akishikilia kwamba nyangumi ni samaki. Isome kama kichekesho, itapita. Kama lazima uruke kitu, ruka sura ya 55 hadi 57 zinazohusu picha za nyangumi, lakini ya 94 usiiguse: mabaharia wanakaa kuzunguka beseni wakiminya mafuta ya nyangumi yaliyoganda, mikono inakutana, na kwa kurasa chache chuki yote ya melini inayeyuka. Na hakikisha nakala yako ina hitimisho fupi la mwisho. Toleo la kwanza la London lilitoka bila hicho kipande, na wahakiki wakauliza, kwa haki kabisa, ikiwa wote walizama, nani anasimulia?

Supu ya Bi. Hussey inapikika bila nguruwe na bila chaza. Kwa watu wanne: gramu 600 za samaki mweupe mwenye nyama ngumu, gramu 40 za siagi, kitunguu kikubwa kimoja, mililita 700 za supu ya mifupa ya samaki, mililita 250 za maziwa yasiyopunguzwa mafuta, na gramu 60 za biskuti kavu zisizo na sukari. Mifupa na kichwa, kikiwa kimetolewa matamvua, vichemke dakika 30 tu. Mifupa ya ng'ombe inataka siku nzima, ya samaki ikizidi muda huo inaleta uchungu. Lainisha kitunguu kwenye siagi bila kukipa rangi, mimina supu, kisha nyunyizia biskuti zilizopondwa kidogo kidogo na usubiri dakika tano kabla ya kuamua kuongeza. Biskuti hunywa polepole, na mwenye pupa hujikuta na uji.

Maziwa yaingie yakiwa ya moto, na kuanzia hapo supu isichemke tena. Ikichemka, protini inagandamana na unaona chembe nyeupe. Si sumu, ila hazipendezi, na ukiwa umeshatia ndimu ndiyo kabisa. Ndimu ikamuliwe mezani. Samaki anakuwa wa mwisho: vipande vya sentimita 4 kwenye supu iliyo karibu kuchemka, zima moto, funika, hesabu dakika 6. Samaki huiva kwenye nyuzi 60 hivi, joto lililobaki linamtosha. Usikoroge. Ukipata chaza, waloweke saa moja kwenye maji yenye gramu 30 za chumvi kwa lita ili wateme mchanga. Aliye wazi na hajifungi ukimgonga, mtupe. Aliyekataa kufunguka baada ya kupikwa naye pia mtupe.

Wa nne ni Laura Esquivel wa Meksiko. Como agua para chocolate, ya mwaka 1989, ina sura 12 zenye majina ya miezi, na kila moja inafunguliwa na pishi lake. Tita, binti wa mwisho, amekatazwa kuolewa ili amtunze mama yake hadi kufa, na mwanamume anayempenda anaozeshwa dada yake Rosaura. Tita anapika keki ya harusi hiyo, machozi yake yanaingia ndani yake, na wageni wote wanaangua kilio. Wazo ni zuri, na mara ya kwanza linafanya kazi barabara, kwa sababu limefungwa kwenye kazi halisi: mayai kwa makumi, mikono iliyochoka, unga uliochekechwa. Shida inaanza linaporudiwa. Kufikia katikati ya kitabu unajua kwamba Tita akiwa na hisia, atakayekula atapatwa na jambo, na kilichokuwa muujiza kinakuwa kanuni. Kinachonikera zaidi ni jinsi riwaya inavyomtendea Rosaura. Hajui kupika, tumbo linamsumbua, pumzi inanuka, na kitabu kinamcheka kana kwamba hayo ni makosa ya tabia. Riwaya inayotetea mwanamke aliyefungiwa jikoni haikupaswa kumwadhibu mwenzake kwa kutoliweza jiko.

Ukurasa wa kwanza, hata hivyo, ni wa vitunguu, na humo msimulizi anashauri uweke kipande kichwani ili usitoke machozi. Kama pambo la hadithi, sawa. Kinacholiza ni gesi inayoundwa seli za kitunguu zinapopasuka, kwa hiyo dawa ni kupasua chache: kisu kikali kinakata, butu kinaponda. Nusu saa ya friji kabla ya kukata inapunguza kasi ya gesi, na feni ikivuma kwa ubavu inaipeleka kwingine.

Vitunguu vya kahawia vinahitaji muda ambao vitabu vingi vya mapishi vinauficha. Ukiona vimeandikiwa dakika 10, jua kwamba aliyeandika hakuviangalia. Kilo moja iliyokatwa nyembamba, gramu 40 za siagi au mafuta, nusu kijiko kidogo cha chumvi, sufuria pana: dakika 45 hadi saa nzima. Karibu asilimia 90 ya kitunguu ni maji, na mpaka hayo yaondoke hakuna rangi. Dakika 15 za mwanzo funika ili vilainike, kisha funua na uongeze moto kidogo. Chini ikishika kahawia, tia kijiko kikubwa cha maji, kwangua, acha ikauke, rudia mara nne au tano. Ukiona ncha nyeusi huku katikati bado kweupe, moto ni mkubwa. Kuna wanaotia magadi ya kupikia kuharakisha rangi, na kweli inakuja upesi, lakini vitunguu vinalegea na kuwa kama jamu. Mwisho wake ni robo kilo hivi, vitamu kama tende.

Vijiko vitatu vikubwa vya hivyo ndivyo vinavyongojewa na nyama ya jana. Toa bamba la mafuta, iweke sufuria kwenye moto mdogo ikiwa imefunikwa, na jelatini itaanza kuachia pembeni kwanza. Hapo unayo nusu saa, inayotosha kuisoma ile sehemu ya pili ya Woolf yenye mabano ya mraba bila kukatizwa. Nyama ikishatoa mvuke hadi katikati, tia vitunguu, onja kabla ya kufikiria chumvi, na geuza kwa kutikisa sufuria badala ya mwiko. Siku ya pili vipande vimelainika kiasi kwamba mwiko utavisambaratisha.